Mpeni mkongwe dakika zake za mwisho kwa Mkapa

Kila mwaka ligi ikimalizika, simu za mashabiki wa soka nchini hazikai na chaji. Dirisha la usajili halijafunguliwa, lakini watu wameshaanza kuchungulia kurasa za klabu zao asubuhi, mchana na usiku. Wanasubiri maneno mawili tu. Thank You.

Posti inakuja usiku. Picha ya mchezaji akiwa ameangalia pembeni, rangi imefifishwa kidogo, nembo ya klabu juu, maneno mawili ya Kiingereza katikati. Chini yake mistari mitatu kwamba klabu inamshukuru kwa utumishi wake na inamtakia kila la heri huko aendako. Basi. Miaka kumi imeishia hapo. Ndani ya dakika chache maoni yamejaa. Wapo wanaolia, wapo wanaocheka, na wapo wanaouliza, "Na yule mwingine lini?"

Siku hizi neno lenyewe limeshahamia mtaani. Mtu akifukuzwa kazi, kijiweni wanasema kapewa Thank You. Jamaa akiachwa na mchumba, naye kapewa Thank You. Ukiona neno la shukrani limegeuka kuwa neno la kufukuzwa, ujue kuna kitu kimeharibika mahali.

Wala klabu zetu hazishindwi kuandaa sherehe. Agosti ikifika, Simba Day na Wiki ya Mwananchi zinawajaza watu kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wasanii wanapanda jukwaani, tochi za simu zinawashwa, na mchezaji mpya ambaye hajagusa mpira hata mmoja wa Ligi Kuu anaitwa jina lake kama mfalme anayerudi vitani. Uwanja mzima unasimama. Huyo anayekuja hajafanya lolote bado. Yule aliyebeba makombe, aliyecheza na bandeji kichwani, aliyefunga bao la dakika ya mwisho mwaka ule ambao kila mtu anaukumbuka, anapata picha kwenye simu.

Jambo moja liwekwe sawa mapema. Kuachana na mkongwe si dhambi. Mpira una umri wake. Beki wa pembeni aliyekuwa anapanda na kushuka kutwa nzima, akifika miaka 33 anapanda mbio na kushuka akitembea. Kocha anaona mazoezini, daktari anaona kwenye vipimo, na winga wa timu pinzani anaona kabla ya wote wawili. Klabu inayoogopa kumuacha mtu kwa sababu anapendwa, mwisho wake inacheza na historia badala ya kucheza na timu.

John Bocco ni mfano mzuri. Alitua Simba mwaka 2017 akitokea Azam, akawa nahodha, akabeba ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, na msimu wa 2020/21 akaibuka mfungaji bora kwa mabao 16. Mwaka 2024 alihamia JKT Tanzania. Hakuna shabiki wa Msimbazi mwenye akili timamu aliyetaka Bocco aanze kila mechi hadi anaota mvi. Muda ulikuwa umefika, na kila mtu aliuona. Ugomvi wa soka letu hauko kwenye kuachana. Uko kwenye lini na wapi.

Ni hapo kwenye lini na wapi ndipo viongozi wengi wanapokwama. Tazama kalenda. Ligi inaisha. Uwanja unafungwa. Wachezaji wanasambaa makwao, wengine Kigoma, wengine Lusaka, wengine Abidjan. Wiki mbili au tatu zinapita, ndipo posti inatoka. Wakati huo hakuna mechi, hakuna jukwaa, hakuna shabiki anayeweza kusimama na kupiga makofi, na hakuna anayeweza kuzomea. Wanaofahamu siasa za klabu wanajua kwamba hiyo si bahati mbaya. Thank You inatolewa wakati uwanja una kufuli kwa sababu uwanja ukiwa wazi kiongozi atalazimika kukaa jukwaani na kusikia watu wanasema nini.

Matokeo yake shabiki hajui kwamba mechi aliyoiona ilikuwa ya mwisho. Aliondoka uwanjani dakika ya 80 akiwahi daladala, akaja kugundua mwezi mmoja baadaye kwamba alimpa mgongo mtu aliyemshangilia kwa miaka kumi.

Jonas Mkude alikulia Simba. Alitoka timu ya vijana, akapanda, akacheza zaidi ya muongo mmoja katikati ya uwanja. Makocha walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Mwaka 2023 akaachwa. Haikupita muda, akavaa jezi ya kijani na njano, na msimu uliofuata akawa bingwa akiwa na Yanga. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Mohamed Hussein 'Tshabalala'. Alifika Simba mwaka 2014 akitokea Kagera Sugar, akakaa miaka 11, akamaliza akiwa nahodha. Katikati ya mwaka 2025 mkataba ulikwisha, na kabla vumbi halijatulia naye alikuwa Jangwani.

Kila hadithi ina pande mbili na pesa ina upande wake wa tatu. Mchezaji huru ana haki ya kwenda anakolipwa vizuri, na mguu wa mchezaji hauna pensheni. Lakini mzee mwenye kadi ya uanachama tangu enzi za Kaunda na Chang'ombe hawezi kuelezwa kwa lugha hiyo. Yeye alichokiona ni nahodha wake akiwa upande huu Juni na upande ule Agosti, bila siku moja katikati ambayo wangepeana mikono. Kama siku hiyo ingekuwepo, huenda jezi ya mtani ingemuuma vilevile. Ila angekuwa na kitu cha kushika mkononi. Bila siku hiyo anabaki na hasira peke yake, na hasira za shabiki humwangukia mchezaji ambaye pengine alikuwa anasubiri simu ya klabu iliyochelewa kupigwa.

Wapo watakaosema mkongwe akiachwa ameshaisha, hivyo hata akiondoka kimyakimya hana hasara. Hao wamuulize Juma Kaseja. Kaseja ndiye kipa wa Simba ile ya 2003 iliyowang'oa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo. Mwaka 2013 Simba haikumuongezea mkataba. Vijiwe vikasema amekwisha. Septemba 2019, miaka sita baadaye, Taifa Stars ikajikuta kwenye matuta dhidi ya Burundi kuwania kuendelea na safari ya kufuzu Kombe la Dunia. Langoni kasimama nani? Kaseja, akiwa mchezaji wa KMC. Stars ikashinda matuta 3-0. Usiku ule waliomuita mzee walikuwa wanamuita baba.

Wamuulize na Saido Ntibazonkiza. Yanga iliachana naye Mei 2022. Umri ulitajwa sana. Mrundi huyo akaenda Geita Gold, dirisha dogo akahamia Simba, na msimu wa 2022/23 ulipomalizika alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga hiyohiyo, wakagawana kiatu cha ufungaji bora. Alikuwa na miaka 36. Yanga haikujuta sana kwa sababu ilibeba ubingwa. Hata hivyo somo lipo: klabu inaweza kukosea hesabu za miguu ya mtu. Ikikosea, ni bora iwe imeachana naye vizuri, kwa sababu atarudi kama mpinzani, au kama kocha, au kama mzazi wa kijana mwenye kipaji anayetafutwa na klabu tatu.

Kuagana vizuri si jambo la kuagizwa kutoka Ulaya. Lipo hapahapa. Agosti 2018 Yanga ilimuaga nahodha wake, Nadir Haroub 'Cannavaro', kwa mechi ya kirafiki mjini Morogoro, kisha ikambakiza klabuni kama meneja wa timu. Kipindi kile Yanga ilikuwa hoi kifedha. Haikuwa na mabilioni, ilikuwa na adabu. Julai 2021 ikarudia kwa Haruna Niyonzima, ikamuaga kwenye mechi ya ligi kwa Mkapa. Na huyu Mnyarwanda alishawahi kuvuka barabara kwenda Simba mwaka 2017, jambo ambalo Jangwani hawalisahau kirahisi. Kama mtu aliyewahi kuvaa jezi ya mtani alipata siku yake, yule ambaye hakuwahi kuivaa ananyimwa kwa kosa gani?

Kwa wenzetu kuna mifano miwili ambayo kila katibu wa klabu angepaswa kuibandika ukutani.

Oktoba 2011, rais wa Juventus, Andrea Agnelli, aliwaambia wanahisa kwamba msimu ule ungekuwa wa mwisho kwa Alessandro Del Piero. Wengi waliona ni ukatili. Nahodha, mfungaji bora wa muda wote wa klabu, anatangaziwa mwisho wake kwenye kikao cha mahesabu? Lakini kauli ile ilitoka mapema. Turin nzima ikapata miezi saba ya kuzoea. Mei 13, 2012, Juventus ilicheza na Atalanta nyumbani, Del Piero akafunga, na dakika ya 57 akatolewa. Mchezo ukaendelea, lakini watu hawakuwa wanautazama. Walikuwa wanamtazama mtu mmoja akizunguka uwanja na kuokota skafu walizomrushia.

Miaka mitatu baadaye, Julai 2015, Iker Casillas aliketi peke yake mbele ya waandishi huko Madrid. Alijiunga na Real Madrid akiwa mtoto wa miaka tisa, akakaa miaka 25, akacheza mechi 725, akaiongoza kubeba Ulaya. Siku ile hakukuwa na rais pembeni yake, wala kombe mezani. Kulikuwa na karatasi, maji na machozi. Kelele zilipozidi, kesho yake klabu ikaandaa tukio jingine uwanjani, safari hii rais akiwepo. Ilikuwa imechelewa. Hadi leo watu wanaikumbuka picha ile ya kwanza.

Juventus ilisema jambo gumu kwa namna isiyopendeza, ila ilisema Oktoba. Real ilisubiri hadi msimu umekwisha. Ndiyo tofauti yote. Neno baya lililosemwa mapema linampa mtu muda wa kulizoea. Neno zuri lililochelewa linamkuta ameshafungasha.

Hapa nyumbani tarehe ya kusema inajulikana. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita kwenye mkataba wake kuzungumza na kusaini na klabu nyingine. Mikataba mingi inaisha ligi ikiisha. Maana yake, Januari mchezaji anajua, meneja wake anajua, na klabu pinzani zinajua. Asiyejua ni shabiki peke yake. Klabu makini inamwita mkongwe wake mwanzoni mwa mwaka na kumwambia moja kati ya mambo mawili: tunakuongezea, au huu ndio mwisho. Kama ni mwisho, ukifika Aprili umma uambiwe. Mechi ya mwisho ya nyumbani iwe yake.

Hoja za kupinga zinafahamika. Ya kwanza ni kwamba mchezaji akiambiwa mapema ataacha kujituma. Hii ni hofu ya mtu asiyewajua wachezaji. Asiyejua hatima yake ndiye anayeingia mazoezini akiwaza kodi ya nyumba na ada za watoto. Anayejua kwamba zimebaki mechi nane anataka kuzicheza zote, kwa sababu klabu nyingine zinamtazama. Del Piero alijua tangu Oktoba, na msimu ule Juventus ilimaliza ligi bila kupoteza mechi na ikawa bingwa.

Hoja ya pili ni makocha. Klabu zetu zinabadilisha makocha kama mashuka, na kocha mpya anaweza kumtaka mkongwe ambaye wa zamani alimkataa. Ni kweli inatokea. Lakini klabu inayosubiri kocha wa Julai ndiyo ijue nani abaki, tatizo lake ni kubwa kuliko mkongwe mmoja. Huo si usajili, ni kubahatisha.

Ya tatu haisemwi hadharani, nayo ndiyo yenye nguvu. Kiongozi anaogopa shabiki. Anajua akitangaza Aprili kwamba kipenzi cha watu anaondoka, timu ikipata sare mbili tu jukwaa zima litaimba jina la mkongwe. Hivyo anakaa kimya, anasubiri Juni, anamwachia kijana wa mitandao aandike mistari mitatu. Lakini uongozi ni kusimama na uamuzi wako watu wakiwa wanakutazama.

Wachezaji nao wasijifiche nyuma ya machozi. Wapo wakongwe wasiokubali kioo kinachowaambia. Klabu inawapa mwaka mmoja, wao wanataka mitatu na pesa ya usajili kama ya kijana wa miaka 24. Wapo ambao Februari wanakubali kwa mdomo kubaki huku meneja wao anakula chakula cha usiku na mtani. Kuagana kunahitaji watu wawili wanaoambiana ukweli. Mmoja akidanganya, posti ya usiku inakuwa ndiyo njia pekee iliyobaki.

Na mashabiki? Wao ndio wana deni kubwa kuliko wanavyokubali. Shabiki yuleyule aliyeandika "Legend" na vikopa kumi chini ya Thank You ndiye aliyepiga kelele "Mtoe huyo mzee!" dakika ya 60 mwezi Machi. Ndiye aliyezomea pasi iliyopotea. Mkongwe anazisikia zile sauti, maana amekaa uwanjani miaka mingi na anajua zinatokea jukwaa gani. Mapenzi yanayofufuka siku ya kuachwa ni mapenzi ya msibani: marehemu anasifiwa na watu ambao hawakumjulia hali akiwa wodini.

Kuna mtazamaji mwingine ambaye hazungumzwi sana. Ni kijana wa miaka 19 aliyepandishwa kutoka timu ya vijana, ambaye kabati lake la nguo liko jirani na la mkongwe. Yeye ndiye aliyefundishwa na mzee huyo jinsi ya kukaa na presha ya mechi ya watani. Siku ya Thank You anaiona kwenye simu kama watu wengine. Anajifunza kwamba hapa hata ukikaa miaka 11 mwisho wako ni picha. Akiitwa kuongeza mkataba, anakumbuka. Akipigiwa na klabu nyingine yenye ofa kubwa kidogo, anakumbuka tena. Kisha viongozi wanakaa redioni na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana mapenzi na klabu. Wayatoe wapi?

Gharama ya kulirekebisha hili ni ndogo mno. Haihitaji mdhamini mpya. Mechi ya mwisho ya nyumbani ipo kwenye ratiba, uwanja umeshalipiwa, tiketi zinauzwa, na pengine zitauzwa zaidi watu wakijua wanakwenda kumuaga mtu. Mkongwe apewe kitambaa cha unahodha hata kama si nahodha. Aingie na wanawe. Aanze, au aingie dakika za mwisho, kocha ataamua. Akitoka, wachezaji wa timu zote mbili wasimame. Filimbi ya mwisho ikilia, apewe kipaza sauti dakika tatu aseme anachotaka. Aliyesomea ukocha apewe vijana wa miaka 17 awafundishe. Anayetaka kuendelea kucheza kwingine aende na baraka, hata kama kwingine huko ni kwa mtani. Na stahiki zake zilipwe zote kabla hajaondoka, maana klabu kadhaa za ligi yetu zimeshafungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya watu ziliowatakia kila la heri mtandaoni.

Msimu huu pia wapo. Kila shabiki anaweza kuwataja wa klabu yake bila kufikiri: kipa ambaye magoti yanamsumbua, beki anayecheza kwa akili kwa sababu mbio zimekwisha, kiungo anayeingia dakika ya 85 kulinda bao. Mikataba yao iko kwenye mafaili na tarehe za mwisho zinasomeka. Viongozi wanajua tayari nani anabaki na nani anaondoka.

Basi waseme. Wamwambie yeye kwanza, kisha wawaambie watu. Dakika ya 75 ya mechi ya mwisho ya nyumbani, mwamuzi wa akiba ainue kibao chenye namba yake, na uwanja upate nafasi ya kusimama. Posti inaweza kufuata usiku.